Fishiye ya mufuatano: namna ordinatere inasoma listingi ya mushahara, na mahali jina linapotelea

Kindu. – "Jina haiko ku listingi." Hapa Kindu kila mwalimu anajua uzito wa maneno hayo. Mutu ametoka Pangi kwa pikipiki, amelala Alunguli kwa ndugu, asubuhi amevuka Lualaba kwa pirogi, amepanga mustari tangu saa kumi na mbili, na kwenye dirisha la banki anapata jibu hilo tu. Yule aliye nyuma ya dirisha hana la kuongeza. Yeye anasoma tu kile ambacho mashini imemupatia.

Tangu mwezi wa 9 wa mwaka wa 2019, wakati serkali ilianza kutumikisha kweli masomo ya musingi ya bure, yenye kuandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, jibu hilo limekuwa kali zaidi. Mbele ya pale, mwalimu ambaye hakukuwa ku listingi aliishi kwa feza za wazazi. Kiisha feza zile kukatazwa, alibaki na listingi peke yake. Njo maana walimu wenye kuitwa NU, ni kusema wapya ambao hawajaingizwa katika mashini, na wale NP, wenye namba lakini bila malipo, wanazungumuziwa sana kwenye radio kila wakati masomo yanafunguliwa.

Makala hii inaeleza kitu kimoja tu katika mambo hayo yote: listi yenyewe. Ndani ya ordinatere listi ya namna hii ni nini? Programu inaisoma namna gani, inaiandika namna gani, na ni wapi jina linaweza kupotea bila mutu kuwa na nia mbaya? Mifano imetolewa katika COBOL, luga ya programu ambayo ilitengenezwa kwa kazi ya hesabu, malipo na biashara. Programu fulani inaweza kuandikwa kwa luga ingine, lakini kanuni ya listi yenye kusomwa mustari kwa mustari inabaki ile ile.

Neno "kumekanizwa"

Watu wanasema mwalimu huyu "amemekanizwa", yule "hajamekanizwa". Wengi wanafikiri ni neno la ofisi tu. Lakini ndani yake kuna mashini za kweli. Mbele ya ordinatere, kazi ya malipo katika serkali na kampuni kubwa ilifanywa na mashini za kadi zenye matundu. Herman Hollerith alizitumikisha katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka wa 1890, na mwaka wa 1928 kampuni ya IBM ilileta kadi ya safu 80 ambayo ilienea dunia nzima. Kadi moja, mutu mumoja. Kazi hiyo Wafaransa na Wabeleji waliiita mekanografi. Kumekaniza mutu ilikuwa kumutobolea kadi yake na kuiweka mahali pake katika furushi.

Furushi la kadi linasomwa kwa namna moja tu: kuanzia kadi ya juu mupaka ya chini. Mashini haiwezi kuruka. Kadi ikianguka chini ya meza, mutu yule hayuko. Hiyo njo fishiye ya mufuatano ya kwanza (wengine wanasema faili), na tabia zake zote zilibaki wakati kadi zilienda na mikanda ya sumaku ikakuja, kisha disiki.

Wenye kukumbuka kaseti za radio watasikia haraka. Ukitaka wimbo wa tano, lazima upitishe zile ine za mbele. Ukitaka kuongeza wimbo, nafasi iko mwishoni tu. Na ukitaka kutoa wimbo wa katikati, inabidi kuchukua kaseti ya pili na kunakili zote, isipokuwa ule usiotaka. Mukanda wa ordinatere wa zamani ulikuwa na urefu wa futi 2400, karibu metre 730, lakini ulifanya kazi sawa kaseti.

Luga ya watu wa hesabu

Tarehe 28 na 29 ya mwezi wa 5, mwaka wa 1959, watu wa serkali na wa kampuni za mashini walikutana Pentagon, kwenye wizara ya ulinzi ya Marekani. Shida yao ilikuwa ya feza. Kila mashini ilikuwa na luga yake. Ofisi ikinunua mashini ingine, programu zote za malipo zinaandikwa upya. Mary Hawes, wa kampuni ya Burroughs, alikuwa kati ya wale wa kwanza kuomba luga moja ya biashara. Grace Hopper alikuwa amekwisha kutengeneza luga ya FLOW-MATIC, yenye kutumia maneno ya kawaida pahali pa alama za hesabu, na COBOL ilichota sana ndani yake. Jean Sammet alikuwa katika kamati yenye kuandika kanuni zenyewe. Katika mwezi wa 12 wa 1960, programu moja ya COBOL ilitembea kwenye mashini mbili za kampuni mbili mbalimbali, RCA na UNIVAC, bila kubadilishwa sana. Kwa wakati ule hilo halikukuwa jambo dogo.

Luga hiyo haijakufa. Katika mwezi wa 4 wa 2020, wakati wa Covid-19, gavana wa New Jersey kule Marekani aliomba hadharani watu wenye kujua COBOL wakuje kusaidia, juu mashini za jimbo lake za kulipa watu waliopoteza kazi zilikuwa bado zinatembea na programu za zamani.

Mashariki yetu, ngambo ya ziwa Tanganyika, kuna historia yenye kufaa kukumbukwa. Mwaka wa 1965, Wizara ya Feza ya Tanzania iliweka ordinatere ya kwanza ya inchi ile, ICT 1500, kwa kazi ya hesabu za serkali. Mwaka wa 1974 serkali ile ile ilikataza kuingiza ordinatere katika inchi, na katazo hilo lilidumu miaka. Mashini bila watu wenye kuielewa inaweza kula feza kuliko ile inayohesabu.

Mustari wa mutu mumoja

Katika COBOL, kabla ya kusoma kitu chochote, programu inapaswa kusema fishiye iko wapi na mustari wake unafanana namna gani. Tuseme listi ndogo ya walimu:

       SELECT WALIMU ASSIGN TO "walimu.dat"
           ORGANIZATION IS LINE SEQUENTIAL
           FILE STATUS IS HALI.

       FD  WALIMU.
       01  MUSTARI-WALIMU.
           05 MATRIKILE    PIC 9(7).
           05 JINA         PIC X(30).
           05 TERITWARE    PIC X(10).
           05 MUSHAHARA    PIC 9(9).

Sehemu ya juu inaunganisha jina la ndani ya programu, WALIMU, na fishiye ya kweli kwenye disiki. Sehemu ya chini inapima mustari: tarakimu 7 za matrikile, herufi 30 za jina, herufi 10 za teritware, tarakimu 9 za mushahara. Jumla ni nafasi 56. Hakuna koma ya kutenganisha. Mashini inajua jina linaanza nafasi ya 8 juu matrikile inaishia nafasi ya 7, basi. Mutu akisahau sifuri moja mbele, kila kitu kinasogea nafasi moja: herufi ya kwanza ya jina inaingia katika matrikile, na mushahara unasomwa vibaya.

Herufi 30 zinaonekana nyingi. Lakini Mukongomani ana jina, postinomu na prenomu, na wengine wako na majina marefu kweli. Lenye kupita linakatwa, bila onyo lolote. Kwenye karatasi ya banki linatoka nusu, kwenye karte ya uchaguzi ni zima, na mutu wa dirisha anasema majina hayafanane. Shida hiyo haikuletwa na mutu wa dirisha. Ilianza siku mutu wa programu alichagua 30 pahali pa 60.

Kufungua, kusoma, kuandika, kufunga

Matendo ni ine. OPEN inafungua, READ inasoma mustari mumoja, WRITE inaandika mustari mumoja, CLOSE inafunga. Programu fupi ya kunakili listi ya walimu kwenye listingi ya mwezi iko hivi:

           OPEN INPUT WALIMU
           OPEN OUTPUT LISTINGI
           READ WALIMU
               AT END MOVE 1 TO MWISHO
           END-READ
           PERFORM UNTIL MWISHO = 1
               MOVE MUSTARI-WALIMU TO MUSTARI-LISTINGI
               WRITE MUSTARI-LISTINGI
               READ WALIMU
                   AT END MOVE 1 TO MWISHO
               END-READ
           END-PERFORM
           CLOSE WALIMU LISTINGI

Wenye kuanza wanashangaa kitu kimoja: unasoma fishiye, lakini unaandika mustari. READ inafuatwa na jina la fishiye, WRITE inafuatwa na jina la mustari. Ni mazoea ya luga hii tu, mutu anazoea.

Kitu cha maana zaidi ni ile READ ya kwanza, yenye kuwa inje ya muzunguko. Wanafunzi wengi wanaiondoa, wanaona sawa ni kurudilia. Wanaandika READ moja tu mwanzoni mwa muzunguko, kisha WRITE. Matokeo? Mustari wa mwisho ukiisha kusomwa na kuandikwa, programu inazunguka tena, inasoma, inakuta mwisho, inaweka 1 katika MWISHO, lakini WRITE iko chini yake na inafanyika hata hivyo. Mara nyingi ndani ya kumbukumbu ya mashini mungali mustari wa mwisho. Mwalimu wa mwisho wa listi anaandikwa mara mbili. Kwa listi ya watu kumi unaona kosa mara moja. Kwa listi ya jimbo zima, jina hilo moja litaonekana wakati gani?

OPEN ina namna zake, na hapa mutu asikose. OPEN INPUT ni kusoma tu. OPEN EXTEND ni kuongeza mwishoni mwa fishiye iliyoko. OPEN OUTPUT ni kuandika fishiye mupya, na kama fishiye ya jina lile ilikuwa tayari, ile ya zamani inaondoka. Mashini haiulize "uko hakika?" Mutu anataka kuongeza walimu 12 wapya ku listi, anaandika OUTPUT pahali pa EXTEND, na kiisha sekunde moja listi nzima ni walimu 12. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefuta kwa makusudi. Neno moja tu.

Kuna tena OPEN I-O, ambayo inaruhusu kusoma mustari kisha kuubadilisha pahali pake kwa REWRITE. Inafanya kazi kwenye disiki, lakini mustari mupya unapaswa kuwa na urefu sawa na wa zamani. Kutoa mustari kabisa haiwezekani.

Na ile FILE STATUS juu? Kila tendo likiisha, mashini inaweka tarakimu mbili katika HALI. 00 ni sawa. 10 ni mwisho wa fishiye. 35 ni kwamba fishiye yenye ulitaka kufungua haiko. 47 ni kusoma fishiye ambayo haikufunguliwa kwa kusoma. Programu nzuri inaangalia HALI kiisha kila tendo na inasimama kama si 00 ao 10. Programu mbaya inaendelea tu mbele. Kwa programu ya malipo, kusimama ni bora kuliko kuendelea na uongo.

Mizani ya matrikile

Kunakili tu si malipo. Kila mwezi kuna mabadiliko: mwalimu amehamishwa, mupya ameingia, mwingine amekufa ao ameenda pansio. Kwa hiyo programu inafungua fishiye mbili za kusoma kwa mara moja, listi ya zamani na listi ya mabadiliko, na inaandika ya tatu, listi mupya. Zote mbili za kusomwa zinapaswa kupangwa kwa matrikile, kutoka ndogo kwenda kubwa. Hiyo sharti njo roho ya kazi yote.

Programu inashika mustari mumoja mukono wa kushoto, mumoja mukono wa kuume, na inapima. Kama matrikile ya zamani ni ndogo, mutu huyo hana mabadiliko: ananakiliwa vile alivyo, na mustari ufuatao wa zamani unasomwa. Kama ni sawa, badiliko linafanyika, na pande zote mbili zinasonga. Kama ya mabadiliko ni ndogo, basi mutu huyo hayuko katika listi ya zamani: kama karatasi inasema "mupya" anaandikwa, kama inasema kitu kingine ni kosa.

Tuseme listi ya zamani iko na 1000210, 1000345 na 1000412. Mabadiliko ni matatu: 1000345 amehamia Punia, 1000390 ni mupya, 1000412 amekufa. Programu inapima. 210 ananakiliwa. 345 anabadilishwa teritware. 390 anaongezwa. 412 haandikwe. Listi mupya ina watu watatu, na ni ya kweli.

Sasa mabadiliko yale yale yafike bila kupangwa: 390 kwanza, kisha 345, kisha 412. 210 ananakiliwa, juu ni ndogo kuliko 390. 345 wa zamani pia ananakiliwa, juu naye ni mudogo kuliko 390, na mashini imekwisha kumupita. 390 anaongezwa. Kisha badiliko la 345 linafika, lakini mukononi mwa kushoto sasa kuko 412. Programu inasema: 345 hayuko. Lakini yuko! Ameandikwa sekunde mbili zilizopita, na fishiye ya mufuatano hairudi nyuma. Mwalimu anaendelea kulipwa kule alikotoka, na yeye iko Punia anangoja.

Dawa ya hilo ni rahisi. COBOL ina tendo la SORT, lenye kupanga fishiye mbele ya kazi:

           SORT FISHIYE-KAZI ON ASCENDING KEY MATRIKILE-KAZI
               USING MABADILIKO GIVING MABADILIKO-SAWA

Kosa la pili ni gumu zaidi, juu SORT hailiponye. Mutu wa kuandika amegeuza tarakimu mbili: pahali pa 1000345 ameandika 1000435. Namba ni ya tarakimu 7, inaonekana nzuri kabisa, inapangwa mwishoni. Programu inaitafuta, haiioni, inaitupa.

Kwa kosa la namna hii watu wa hesabu walitafuta njia zamani: tarakimu ya kulinda. Unazidisha kila tarakimu ya matrikile kwa uzito wake, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, unajumlisha, unagawanya kwa 11 na kushika yenye kubaki. Kwa 1000345 jumla ni 42, inabaki 9. Kwa 1000435 jumla ni 43, inabaki 10. Kama ile yenye kubaki inaandikwa pamoja na matrikile, mashini inajua papo hapo kwamba namba imegeuzwa, mutu wa kuandika angali ameketi mbele ya kiyo. Vitabu vimefanya hivyo miaka mingi na namba ya ISBN ya tarakimu 10.

Fishiye ambayo hakuna anayesoma

Tumesema programu "inaitupa". Inaitupa wapi? Hapa njo kuna tofauti kati ya programu ya heshima na ingine. Ile ya heshima ina fishiye ya ine, ya wenye kukataliwa: kila mustari ambao haukupata mwenzake unaandikwa pale, na matrikile, jina na sababu. Mwishoni inachapa hesabu: imesoma mistari ngapi ya zamani, ngapi ya mabadiliko, imeandika ngapi, imetoa ngapi, imekataa ngapi. Zamani pamoja na wapya, kutoa wenye kuondolewa, zinapaswa kuwa sawa na listi mupya. Zikikosa mumoja, mutu mumoja iko inje.

Lakini fishiye ya wenye kukataliwa ina faida tu kama kuko mutu wa kuifungua. Ikibaki kwenye disiki katika ofisi ya mbali, mwalimu wa Pangi atapanga mustari tena mwezi ufuatao, na listi mupya ya mwezi ule itatengenezwa kutoka ile ambayo tayari haina jina lake. Kosa la mwezi mumoja linanakiliwa kama kweli katika miezi yote yenye kufuata. Katika fishiye ya mufuatano mutu hafutwi. Anaacha tu kunakiliwa.

Upande wa pili wa sarafu iko vile vile. Ambaye hakuna karatasi yenye kusema amekufa, ananakiliwa kila mwezi, na mushahara unatoka. Watu wa fiktifu, ambao kila hesabu ya watumishi inasema inataka kuwaondoa, si wote waliingizwa na mwizi. Wamoja walikufa kwa kweli, na programu ilifanya kazi yake kwa uaminifu: hakuna badiliko, nakili.

Babu, baba, mutoto

Juu listi mupya inatoka katika ya zamani, wafanyakazi wa mikanda walikuwa na desturi ya kushika vizazi vitatu: babu, baba na mutoto. Listi ya mwezi huu ni mutoto, ya mwezi uliopita ni baba, ya mbele yake ni babu, na karatasi za mabadiliko za kila mwezi zinashikwa pamoja nazo. Mutoto akiharibika, unarudia kazi kutoka kwa baba. Ikionekana kwamba kosa liliingia kwa baba, unapanda kwa babu.

Kwa muji ambamo umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, hilo si anasa. WRITE haipeleke kila mustari kwenye disiki papo hapo. Inaweka kwanza katika kumbukumbu, na CLOSE njo inamaliza kusukuma yenye kubaki. Groupe ikizimika mbele ya CLOSE, mkia wa listi haupo, na mwenye kuwasha mashini anakuta fishiye yenye kuonekana nzuri, inafunguka, inasomeka, lakini inaishia katikati ya herufi fulani. Namna ya kujua ni ile hesabu ya mwishoni: isipochapwa, kazi haikuisha, na inabidi kurudi kwa baba.

Mutu mwenyewe anaweza kufanya nini

Mwanafunzi wa Kindu mwenye kutaka kujaribu hahitaji mashini kubwa. GnuCOBOL ni ya bure, inatembea kwenye ordinatere ndogo, na ikiisha kuwekwa haitaki intaneti. Programu ya hapo juu, ikikamilishwa sehemu zake zingine na kuandikwa katika malipo.cob, inageuzwa kuwa ya kutembea kwa mustari mumoja:

       cobc -x malipo.cob

Aangalie nafasi mbele ya mistari: COBOL ya zamani inaacha safu 6 za kwanza kwa namba, ya 7 kwa alama, na maneno yanaanza safu ya 8 ao ya 12, mupaka 72. Ni kadi ile ya safu 80, bado iko.

Kwa mwalimu ambaye jina haliko, maulizo mazuri kwenye ofisi si "juu ya nini?" peke yake. Ni haya: matrikile iliyoandikwa kwenye karatasi yangu ya badiliko ni ipi, tarakimu kwa tarakimu? Jina langu liliandikwa namna gani, zima ao limekatwa? Mwezi wa mwisho wenye nilikuwa ku listingi ni upi, na badiliko gani liliingizwa mwezi uliofuata? Kuko listi ya wenye kukataliwa ya mwezi ule, na nani anaishika? Aende na nakala ya karatasi yake ya kuingia kazi na ya malipo ya mwisho. Mutu wa ofisi mwenye mwezi, matrikile na badiliko mukononi anaweza kufungua listi ya baba na kutafuta mustari mumoja. Mwenye jina peke yake anapaswa kusoma fishiye yote tangu mwanzo.